Mtoto Akitaja Jina la Mama Yake

Jumapili, jioni

Mama amekuja leo kutoka Kibiti. Chai ikiwa mkononi akamtania mjukuu wake: "Ukipotea pale Mbagala Rangi Tatu utasemaje?" Binti yangu, miaka sita, akasimama wima, akataja jina lake, jina langu mpaka la ukoo, la baba yake, mtaa wetu, msikiti ulio karibu, na namba ya simu, tarakimu zote kumi. Mama akaweka kikombe chini. "Mwanangu, huyu mtoto anataja wazazi wake kama anaita wenzake?"

Nilimwelewa. Ndivyo tulivyolelewa: mama ni mama, baba ni baba, na mtaani mimi ni Mama Fulani. Lakini nenda Maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, mwezi wa saba watu wakiwa wamefurika, utege sikio kwenye vipaza sauti wanapotangaza watoto waliopotea. Mtoto wa kiume, kaptula ya bluu, mama yake anaitwa Mama. Mama yupi, katika umati ule? Nikamwambia, "Mama, siku akipotea, akimtajia askari jina langu hanivunjii heshima. Ananiita." Akafikiri kidogo. "Basi mfundishe na langu."

Namba ameishika kwa kuruka kamba. Tuliikata vipande, kila kipande na mdundo wake. Na tumekubaliana nani wa kuambiwa: askari mwenye sare, mwalimu, muuza duka aliye dukani mwake, mama aliyefuatana na watoto. Asubiri hapohapo alipopotea, wanipigie simu. Anayesema "twende nikupeleke kwenu" asimfuate, hata akiwa mpole namna gani. Tuna pia neno letu la nyumbani. Mtu akifika shuleni na bodaboda akadai nimemtuma amchukue, aulizwe neno hilo. Hajui? Mtoto harudi naye.

Hayo ni mepesi. Linalonikosesha usingizi ni kwamba wanaowadhuru watoto mara nyingi si wageni. Ni watu anaowaamkia kila siku. Tunamfundisha mtoto kutii kila mkubwa, tena kwa fahari, halafu tunategemea kwamba siku mbaya ikija atajua mwenyewe kukataa. Atajulia wapi? Kwa hiyo nyumbani kwangu shikamoo ni lazima, lakini kukumbatiwa na kupakatwa si lazima. Akisema hataki, nami nasema mbele ya mgeni huyohuyo: "Hataki, mwache." Kuna shemeji aliyenuna. Anune. Sehemu za siri anazijua kwa majina yake, bila kuona haya, ili akija kunieleza jambo nielewe anasema nini. Na hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mimi sipaswi kuijua, hata ikiambatana na pipi, hata ikiambatana na vitisho. Nimemwambia nitamwamini. Neno hilo nalirudia kwake mara nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo la kunifunga mimi.

Ameshika pia 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, ambayo jirani zetu wa Kenya na Uganda nao wanaitumia. Na anajua kwamba polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Ya jikoni na barabarani tunajifunza tukiwa kazini. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo kabla ya kuvuka anatazama kulia kwanza, kushoto, kisha kulia tena, na bodaboda haziaminiki upande wowote. Akisikia harufu ya gesi asiguse swichi ya taa. Atoke nje, aite mkubwa. Akiungua, ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, siyo dawa ya meno. Hilo la dawa ya meno nimebishana nalo hadi na watu wazima. Soksi zake anafua mwenyewe, vikombe vya plastiki anaosha. Kisu bado.

Mdogo wake anaanza darasa la awali Januari. Kwa sasa anajua jina lake la kwanza tu, akiulizwa la baba anajibu "Baba". Wiki hii tunaanza na hilo, kisha langu. Namba itangoja mpaka aweze kuhesabu bila kuiruka saba.