Usiku wa Kodi Mbili

Mwaka 1997, nikiwa na umri wa miaka 23, nilikuwa nikipiga gitaa katika bendi ndogo iliyotumbuiza kila Jumamosi kwenye hoteli moja mjini Nakuru. Wateja wa pale walipenda muziki wa kantri, kama wanavyoupenda watu wengi wa Bonde la Ufa: waliwajua Jim Reeves, Dolly Parton na Don Williams kana kwamba ni majirani zao, na wimbo ukianza waliuitikia tangu mstari wa kwanza. Mimi niliudharau. Nilikuwa nimenunua kitabu kikuukuu cha jazi, nikakesha nacho wiki kadhaa, na sasa nikajiona mtu wa daraja jingine, asiyestahili kupotezewa muda na nyimbo za kodi tatu. (Nazungumzia kodi za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja; ile ya nyumba nilikuwa nimeshindwa kuilipa kwa miezi miwili, na kiongozi wa bendi alilijua hilo, maana nilishamwomba mkopo.)

Usiku huo tulifika kwenye "Jambalaya", wimbo ambao Hank Williams aliurekodi mwaka 1952, na ambao hata kodi tatu hauna. Unazo mbili tu, ile ya do na ile ya so. Sisi tuliupiga katika C, kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa kodi ya C, ndiyo ya do, na G7, ndiyo ya so, huku mpiga besi akipokezana sauti mbilimbili chini yangu. Kitabu changu kilikuwa kimenifundisha kwamba mahali pa G7 panaweza kukaa D-flati 7, kwa kuwa kodi hizo mbili zinashiriki fa na ti, sauti zinazolifanya sikio lisitulie mpaka ti ipande kwenye do na fa ishuke kwenye mi. Hoja hiyo ni sahihi. Ila mpiga besi wetu hakuwa amesoma kitabu hicho. Aliendelea na so na re zake kama kawaida, nami nikamwekea juu sauti mbili zilizoachana na zake kwa nusu sauti tu, moja juu ya so na nyingine chini ya re. Uliotoka ulikuwa mlio wa milango miwili yenye bawaba kavu ikifunguliwa kwa pamoja. Dada aliyekuwa akiimba aligeuka kunitazama, akakosa mahali pa kuingilia, na meza ya mbele iliyokuwa ikiimba naye ikanyamaza. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama umeme ulikuwa umepungua.

Wakati wa mapumziko kiongozi wa bendi, mzee aliyepiga benga, muziki wetu wa gitaa wa Kenya, tangu sijazaliwa, aliniita nyuma ya jiko. Hakunigombeza.

"Kijana, benga ina kodi ngapi?"

"Mara nyingi tatu, mzee."

"Na hiyo mbona huidharau?"

Sikuwa na jibu. Alichukua gitaa langu, akaishikilia C kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akiimba kwa sauti ya chini, kisha akahamia G7 kwenye silabi ya mwisho ya mstari, si kabla wala si baada. Akarudia, mara hii akahama mapema kidogo kwa makusudi, na mstari ule ule ukapwaya. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi niliyokuwa nikiibeza. Kwenye wimbo wenye kodi nyingi, badiliko lililokosewa hufunikwa upesi na linalofuata. Kwenye huu, sikio linangoja badiliko moja kwa muda wote wa mstari, na likija vibaya hakuna pa kulificha.

Tuliporudi jukwaani tuliupiga tena. Nilibaki na C yangu na G7 yangu, nikimsikiliza mpiga besi kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na bendi, na nikagundua kwamba kila tulipokuwa tukirudi kwenye C alikuwa akipanda so, la, ti, akanikuta kwenye do. Bila shaka alifanya hivyo kila Jumamosi. Meza ya mbele ikaanza kuimba tena.

Usiku wa manane mzee alitulipa. Alinihesabia noti mbili za ujira wangu, akasita, akaongeza ya tatu.

"Hii ni kodi ya mwenye nyumba," akasema.