Chakula cha Eliya na Ugonjwa wa Sonona

Nabii Eliya alipoketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aiondoe roho yake, alikuwa ametoka kuwashinda manabii 450 wa Baali mlimani Karmeli. Mtu aliyeona moto ukishuka kwa maombi yake hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wenye imani haba. Naanza na habari hiyo ya 1 Wafalme 19 kwa sababu Mkristo anayeugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hukutana na shutuma ya kukosa imani mapema kuliko anavyokutana na daktari.

Mimi niliugua baada ya kumzaa mwanangu wa pili. Usingizi uliniisha, hamu ya chakula ikapotea, na niliposhika Biblia macho yalipita juu ya mistari bila neno hata moja kuingia. Katika kikundi kimoja cha maombi nilikemewa pepo wa huzuni, kisha nikaagizwa kufunga, ilhali nilikuwa ninanyonyesha na nilikuwa sijala vya kutosha. Nilitoka pale nikiamini kwamba Mungu mwenyewe amenichoka.

Aliyenivusha ni mama mmoja wa jumuiya yetu. Alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akampokea mtoto, akaniambia, "Kunywa, mwanangu, kisha ulale, kuomba nitaomba mimi." Nilipoamka nilikuta ameosha vyombo vya tangu juzi. Wiki hiyohiyo alinisindikiza kliniki ya afya ya akili, akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa.

Ndivyo Mungu alivyomtendea Eliya. Hakumkaripia wala hakumhubiria, alimwacha alale, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, na malaika aliporudi mara ya pili alisema, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Swali ambalo Mungu alimwuliza kwenye mlima Horebu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye, mwili ulipokuwa umepata nguvu ya kulijibu. Naona tunakosea sana tunapoanza na swali hilo kwa mtu ambaye hajala.

Daktari aliniuliza kuhusu kunyonyesha kabla ya kuchagua dawa, akanieleza kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, na kwamba nisiache vidonge ghafla hata nikijisikia mzima. Kuvimeza hakukupunguza sala zangu. Kanisa lenyewe lina historia ndefu katika tiba hii: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Walutheri wamekuwa wakiwatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetenganisha hospitali na madhabahu anaisahau kazi hiyo.

Wapo pia ambao nafuu yao haiji upesi. William Cowper, mshairi Mwingereza aliyefariki mwaka 1800, alitunga tenzi ambazo makanisa yetu bado yanaziimba, lakini sonona ilimrudia tena na tena, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kukata tamaa. Rafiki yake, mchungaji John Newton, hakumtupa. Zaburi ya 88 nayo inakwisha gizani bila neno la faraja, na bado imo katika Maandiko, tena ni sala. Asiyeweza kusema zaidi ya hapo anaruhusiwa kuishia hapo.

Ndugu yangu, ikiwa mawazo ya kutaka kufa yamekujia, usiyafiche kwa kuogopa kuitwa mwenye dhambi. Mwambie mtu leo, awe mwenzi wako, mzee wa kanisa unayemwamini au jirani, akae nawe na akupeleke hospitali iliyo karibu. Nawe unayeambiwa, weka kando ulichokuwa unafanya, mpe kitu cha kula, kisha muende pamoja.