Kutoka Bukavu hadi Bulengo na wauguzi na madaktari kumi na mmoja

Kabla ya kushuka bandarini Bukavu, kwenye Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, tulitenganisha mizigo. Serumu, yaani maji ya kutiwa mishipani, na pakiti za ORS, chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa, zilikaa pamoja. Ndoo ya klorini ya unga tuliiweka peke yake, penye hewa, mbali na mafuta ya injini. Unga ule ukichanganyika na mafuta unaweza kuwaka wenyewe, na ukipata unyevu hutoa hewa inayokaba koo. Wageni wengi hawajui hatari hiyo, maana katika hospitali zao klorini huwafikia ikiwa tayari kwenye chupa.

Ilikuwa Septemba 2023. Wauguzi na madaktari 11 tuliowasindikiza walitoka Mombasa, Morogoro, Lubumbashi na Kinshasa. Wote wana miaka mingi kazini, ila hakuna aliyewahi kuhudumia kambi ya waliohamishwa na vita, kama ile ya Bulengo karibu na Goma, tulikokuwa tukiwapeleka.

Boti iendayo kasi huchukua kama saa tatu hadi Goma. Tuliutumia mwendo huo kwa hesabu, kisiwa cha Idjwi kikipita pembeni. Mtu mzima wa kilo 60 aliyelegea kabisa kwa kipindupindu anahitaji mililita 100 za serumu aina ya Ringer kwa kila kilo, yaani lita 6 ndani ya saa 3: lita 1.8 katika nusu saa ya kwanza, na lita 4.2 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa chupa za nusu lita, hizo ni 12. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka, kiasi kwa kilo ni kile kile, lakini hugawanywa kwa saa 6: mililita 30 kwa kilo katika saa ya kwanza, 70 katika saa tano.

Muuguzi wa wodi anaiogopa kasi hiyo. Amezoea kuhesabu matone, na kidole chake kinarudi kwenye kigurudumu cha mrija kupunguza. Kwenye kipindupindu, hofu hiyo inaua. Goma yenyewe iliyaona mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wako waliokufa wakiwa tayari mikononi mwa wahudumu, kwa sababu maji yalitiwa polepole, ORS ilitumika kidogo, na wengi waliokuja kusaidia hawakuwa na mazoea ya ugonjwa huo. Miaka 23 nyuma yake, huko Bangaon, India, serumu ilikuwa imekwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4. Kwa hiyo tulikuwa tunawafundisha wageni mambo mawili: wasiogope kasi ya serumu, na wamwamini ndugu aliyeketi kando ya kitanda.

Goma inakupokea kwa mawe. Makoro, mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, yako kila mahali, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinapita juu yake zimebeba madumu ya maji. Daktari mgeni anapaswa kuyatazama mawe hayo vizuri, kwani ndiyo yanayoamua afya ya kambi. Choo hakichimbiki. Kinajengwa juu ya ardhi, shimo lake ni dogo, linajaa upesi, na kama gari la kunyonya halikufika, kinyesi kinatoka pembeni mvua ya kwanza ikinyesha. Kipimo cha dharura ni choo kimoja kwa watu 50, kisha 20 hali ikitulia.

Maji ya ziwa nayo yana tabia yake. Maji ya juu ya Kivu yana alkali nyingi, na klorini hufanya kazi kwa uvivu katika maji ya namna hiyo. Nusu saa ya kusubiri inayoandikwa vitabuni haitoshi. Subiri zaidi, kisha pima bombani na tena kwenye dumu la mama nyumbani kwake, kwa sababu dumu chafu hula klorini yote njiani.

Bulengo iko magharibi mwa mji, kando ya ziwa. Kituoni, wageni hawakugusa mgonjwa siku ya kwanza. Walichora ndoo: mstari wa rangi kwa kila lita moja, ili kinachotoka chini ya kitanda chenye tundu kipimike na kurudishwa. Walichanganya klorini kwa unga wenye nguvu ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita kwa sakafu na vitanda, sehemu ya kumi ya hapo kwa mikono, gramu 30 kwa lita kwa matapishi na kinyesi. Aliyewafundisha ni mama wa usafi wa kituo, na hakuna daktari pale aliyemzidi kwa kazi hiyo.

Siku ya pili kosa lilikuja tulipolitarajia. Mtoto mkavu, macho yameingia ndani, na mkono wa mmoja wa wageni ukatoka na sindano mara moja. Hakuna aliyekuwa amempima mkono kwa utepe. Ulisoma milimita 109, na chini ya 115 ni utapiamlo mkali. Mtoto kama huyo hatiwi serumu ila akiwa amezimia kabisa, tena polepole, kwani moyo wake haubebi maji mengi kwa ghafla. Huyu alikuwa bado anameza.

“Muganga, anarudisha yote,” mama yake alisema.

“Tungoje dakika kumi, mama. Halafu kijiko kimoja, taratibu, kila dakika mbili au tatu.”

Mwanamke mwingine, mzee wa Kihunde asiyejua Kiswahili sana, aliitikia “ndiyo” kila alipoulizwa kama amekunywa. Ni adabu mbele ya mgeni, na ndiyo sababu tunawaambia wasiulize: waombe kikombe wakitazame. Kilikuwa kimejaa, na nzi juu yake.

Jioni wagonjwa walikuwa 34. Kila mmoja huhitaji lita 60 za maji kwa siku pamoja na usafi, jumla lita 2,040, na tangi lilibaki na lita 700. Wauguzi wa zamu ya usiku walianza kazi kwa kupanga madumu kwenye mstari, kabla ya kuvaa glavu.