Mailo za mchanga: kuisoma Kaunti ya Cherry, Nebraska

Ukitaja mailo, umiliki wa ardhi wa kudumu wa Buganda nchini Uganda, watu wanawaza hati na ugomvi wa kibanja, yaani kipande cha mpangaji ndani ya ardhi hiyo. Lakini neno lenyewe ni maili tu: Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Uingereza uligawa ardhi kwa maili za mraba, na kila moja ina ekari 640. Kipimo hichohicho ndicho kilichokata sehemu kubwa ya Marekani vipandevipande, na Kaunti ya Cherry, kaskazini mwa Nebraska, inaonyesha vizuri kilipofaa na kilipokwama.

Msichanganye kaunti yao na saza letu, eneo la utawala la Buganda. Ya kwao inakaribia wilaya: ina makao makuu, mahakama, sherifu, masijala ya hati, na kodi ya ardhi inalipwa hapo. Cherry ina kilomita za mraba 15,500 hivi, zaidi ya nusu ya Karamoja nzima ya kaskazini-mashariki mwa Uganda, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu 5,455 tu. Karibu nusu yao wako Valentine, makao makuu, mji uliofikiwa na reli mwaka 1883. Hata saa zimegawanyika: upande wa magharibi uko nyuma ya mashariki kwa saa moja, kaunti ileile.

Hati ya shamba huko huandikwa kwa mtindo huu: SW¼ Sec. 14, T33N R28W, 6th P.M. Isome kuanzia mwisho. 6th P.M. ni mstari mkuu wa kusini-kaskazini ambao upimaji wote wa Nebraska umeufuata. Mstari wa chini, hesabu ya kaskazini inapoanzia, ni latitudo 40, mpaka na Kansas. T33N ni safu ya 33 kwenda kaskazini, kila safu maili 6. Toa moja, zidisha kwa 6: ukingo wake wa kusini uko maili 192 kutoka mpakani. R28W vivyo hivyo, safu ya 28 kwenda magharibi: maili 162 kutoka mstari mkuu. Hapo umefika kwenye mraba wa maili 6 kwa 6, wenye vipande 36 vya ekari 640. SW¼ ni robo ya kusini-magharibi ya kipande namba 14, yaani ekari 160.

Kosa la kawaida liko kwenye kuhesabu vipande hivyo 36. Namba 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki, unakwenda magharibi hadi 6, kisha unashuka na kurudi mashariki, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba. Kwa hiyo 7 iko chini ya 6. Anayeanza kila mstari upande wa kulia ataiweka 7 chini ya 1, na amekosea kwa maili tano. Jambo la pili: mistari ya kusini-kaskazini inasogeleana kadiri unavyokwenda kaskazini, kwa sababu dunia ni mviringo. Wapimaji walisukuma tofauti hiyo kwenye kingo za kaskazini na magharibi za kila mraba, kwa hiyo vipande vya huko si lazima vifike ekari 640. Angalia ramani ya upimaji kabla ya kuzidisha bei.

Lakini mchanga haujui mraba. Sehemu kubwa ya Cherry ni vilima vya mchanga vilivyofunikwa nyasi, vingine urefu wa mita 120. Mvua inazama papo hapo, inajaza maji ya chini ya ardhi, na mabondeni maji hayo yanatokeza kama maziwa madogo na malisho mabichi. Ni nchi ya ng'ombe wa nyama. Sheria ya 1862 ilimpa ekari 160 bure mtu aliyekaa na kulima miaka mitano. Ukikadiria ekari 15 hadi 20 kwa ng'ombe mmoja na ndama wake, hapo unafuga kumi, ukibahatika. Sheria ya Kinkaid ya 1904 ikapandisha hadi ekari 640 kwa magharibi mwa Nebraska: mailo moja kamili. Bado ni ng'ombe 30 au 40, na waliolima mahindi mchangani walipeperushiwa shamba.

Miongoni mwa waliokuja kwa sheria hiyo ni familia za watu Weusi walioanzisha DeWitty mnamo 1907, kando ya mto North Loup. Baadhi walitokea Kanada, walikokimbilia wazee wao enzi za utumwa. Walijenga kwa mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi, yaliyopangwa kama matofali. Kufikia miaka ya 1930 karibu wote walikuwa wameuza na kuondoka. Mailo zao zikamezwa na ranchi kubwa.

Nyasi zikikatika, upepo unachimba shimo. Huanzia pale ng'ombe wanapokanyaga kuzunguka tangi la maji, au kwenye njia mbili za magurudumu zilizopanda mlima. Wafugaji huhamisha tangi, huzungushia seng'enge, hutandaza nyasi kavu zilizooza au kutupia matairi ya zamani humo, kisha husubiri misimu kadhaa. Wameziba mengi kiasi kwamba Penstemon haydenii, ua la zambarau hafifu linalopenda mashimo hayo hasa, sasa liko kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.