Bakuli la Langoni

Lilikuwa bakuli la bati, limebonyea upande mmoja. Nililiweka nje ya lango joto lilipozidi, nikawa nalijaza maji asubuhi na jioni ili mbwa yeyote anayepita apate kunywa. Doa, jike langu la miaka minne, alikunywa hapo. Mbwa wa jirani walikunywa hapo. Nukta naye alikunywa hapo, akitumbukiza miguu yote miwili ya mbele, maana alikuwa na miezi miwili na nusu tu. Jirani yangu, mzee aliyestaafu, ndiye aliyempa jina hilo. "Wako ni Doa," aliniambia, "basi wangu ni Nukta."

Jumapili moja alfajiri nilimkuta Doa amejikunja nyuma ya mlango, mbele yake povu la njano. Sikushtuka. Mbwa hula jani, hula kitu kilichooza, hutapika, kisha huenda kucheza. Nikafuta. Mchana akatapika maji matupu, jioni akaanza kuhara. Jumatatu nilikwenda kazini, na niliporudi alikuwa palepale nilipomwacha, chakula hakijaguswa.

Jioni ile mzee alisimama langoni na Nukta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzetu leo hatumwoni?"

"Amechoka tu na joto."

Nilimjibu hivyo nikijua kwamba tangu jana yake Doa hakuwa ametia kitu mdomoni. Niliona haya. Sikutaka mtu aniulize chanjo zake ziko wapi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikulipenda: alichanjwa mara mbili utotoni, kisha nikahama, nikasema nitamalizia, sikumalizia. Tukiwa bado tunazungumza, Nukta alikuwa ameinamia bakuli anakunywa.

Jumanne Doa aliharisha damu. Aliyewahi kuisikia harufu ile haisahau. Nilimfunga kwenye shuka, nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mama mtulivu, asiyeongea huku anapima. Alimvuta Doa ngozi ya shingoni akaiachia. Badala ya kurudi mara moja, ilibaki imesimama kidogo. Akambonyeza ufizi kwa kidole. Kwa mbwa mzima, akaniambia, wekundu hurudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Wa Doa ulichelewa, na ulikuwa mkavu unaonata. Joto lake lilifika nyuzi 40, wakati mbwa mzima hazidi sana 39. Kisha akachukua kinyesi kidogo akakiweka kwenye kipimo, tukasubiri dakika chache, mistari miwili ikatokea.

"Ni parvo," alisema.

Alinieleza kwamba kirusi hiki hushambulia chembe zinazozaliana haraka, hasa zile za ukuta wa utumbo na za uboho wa mifupa. Ukuta wa utumbo ukibomoka, maji hayakai mwilini na bakteria hupenya kwenye damu, wakati huohuo chembe nyeupe za kupambana nao zinapungua. Ndiyo maana huua watoto wa mbwa zaidi. "Dawa ya kukiua chenyewe hatuna," alisema. "Tunachofanya ni kuhakikisha hakauki, hatapiki, na bakteria hawamshindi, mpaka mwili wake ukimalize." Akamtundikia dripu. Akaniuliza, "Amekutana na mbwa gani siku hizi?"

Nikalikumbuka bakuli.

Nilitoka pale nikaenda mlango kwa mlango. Kwa mzee nilikwenda kwanza, na nilimwambia yote, pamoja na uongo wa jana yake. Hakunigombeza. Alimtazama Nukta aliyekuwa akitafuna kamba ya kiatu chake, akauliza, "Sasa tufanye nini?" Nukta alikuwa amechanjwa mara moja tu. Daktari alikuwa ameniambia kwamba dalili huchukua siku 3 hadi 7 kujitokeza, wakati mwingine hata 14, kwa hiyo la kufanya lilikuwa kumtenga, kumwangalia na kumkimbiza akionyesha unyonge wowote.

Nyumba ya tatu mwanamke mmoja alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema mbwa wake alihara wiki nzima iliyopita na alidhani ni minyoo. Nyumba iliyofuata walikuwa wamezika mmoja. Hawakumwambia mtu. Nilisimama pale barazani nikiwa na hasira na huruma pamoja, kwa sababu walichokifanya ndicho nilichokifanya mimi. Kila nyumba ilikuwa inafuta sakafu yake kimyakimya, na asubuhi tunafungua malango mbwa wakutane.

Doa alikaa kwenye dripu siku mbili. Alipoacha kutapika niliruhusiwa kumrudisha nyumbani, na usiku wa kwanza sikulala. Nilipewa bomba la sindano lisilo na sindano. Mililita 5 za maji, pembeni mwa shavu, kila baada ya robo saa. Mbwa mwenye kiu ukimwekea bakuli zima atalimaliza kwa pupa na kulirudisha lote sakafuni, na kwa kutapika huko atapoteza zaidi ya alichokunywa. Nilionywa pia nisimpe dawa yoyote ya binadamu, si ya kuzuia kuhara wala ya maumivu, kwani baadhi yake ni sumu kwa mbwa. Basi nikakaa chini na saa mbele yangu. Mnamo saa tisa za usiku alilamba ncha ya bomba mwenyewe kabla sijamwekea mdomoni. Nililia. Asubuhi alikula kijiko kimoja cha kuku wa kuchemsha bila chumvi wala mafuta, kikatulia tumboni.

Jumamosi Nukta hakuamka kumpokea mzee.

Tulikwenda naye pamoja. Alitundikiwa dripu kwenye mguu mwembamba kama kidole changu. Mzee alikaa pembeni kwenye kiti siku mbili akimwekea mkono mgongoni, na Jumatatu kabla ya mapambazuko Nukta alikufa mkono ukiwa palepale. Siwezi kujua kama alikiokota kwenye bakuli langu, kwenye majani ya njiani au kwenye soli ya kiatu cha mtu. Kirusi hiki husafiri kwa njia zote hizo. Lakini Jumatatu ile ningesema kweli, mzee angemnyanyua pale bakulini akaondoka naye.

Kusafisha kulichukua siku kadhaa. Spiriti ya kupaka mikononi haikiui kirusi hiki. Nilisugua kwanza kwa sabuni, kwa kuwa klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha nikapaka klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, nikaiacha dakika 10 kabla ya kusuuza. Viatu pia. Udongo wa langoni ulikuwa jambo jingine, kwani huwezi kuusugua, na humo kirusi kinaweza kuishi mwaka mzima au zaidi. Bakuli lingesafishika bila shida. Nililitupa.

Doa alipopona na daktari kuruhusu, nilimpeleka kwa chanjo zake, na tangu hapo sijapitisha tarehe.

Mzee alisubiri. Zaidi ya mwaka ulipita bila mbwa nyumbani kwake, nami sikuthubutu kumuuliza. Kisha jioni moja nilimkuta langoni, mkono mmoja amepakata mtoto wa mbwa mweusi ndani ya koti, mwingine ameshika kadi. Alininyooshea kadi kwanza.

"Soma, mwanangu."

Nilisoma chanjo zote, tarehe kwa tarehe, ya mwisho ikiwa baada ya wiki ya 16.

"Na Doa?" akauliza.

Niliingia ndani, nikaleta kadi ya Doa. Aliivalia miwani, akaisoma yote, akaikunja na kunirudishia. Ndipo akainama, akamweka mtoto wake chini.