Andika dereva

Wiki hii mkurugenzi mpya ameripoti kazini, Baba watoto amerudi kutoka Kitale na kandarasi yake mkononi, na idara yetu imehamishiwa ghorofa ya juu kabisa. Lakini mimi sina la kuandika ila maneno machache niliyoambiwa kwenye ngazi na dereva wetu, yule mzee ambaye wasomaji wa siku nyingi watamkumbuka kwa kisa cha gari lililokwama matopeni kule Elburgon.

Ofisi yetu, kama taasisi nyingine za umma, hukusanya takwimu za wafanyakazi wake kwa kabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti husika. Kazi ya kuhesabu imeniangukia mimi, na sijawahi kuilalamikia. Niliwahi kuajiriwa mahali ambapo salamu za asubuhi zilitolewa kwa lugha ya mkubwa wa ofisi, na asiyeijua alikaa kimya hadi saa ya chai. Pasipo mtu wa kuhesabu, orodha ya mishahara hugeuka kuwa orodha ya waalikwa wa harusi ya ukoo mmoja.

Fomu ya mzee ilirudi ikiwa imejaa mwandiko wake wa kulala, isipokuwa safu moja. Nilimkuta akishuka, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Mzee, hapa kwenye kabila hukujaza."

"Andika dereva."

Nilicheka, naye akacheka. Nikamwambia kwamba udereva ni kazi, na kwamba kazi yake imekwisha kuandikwa kwenye safu ya pili. Akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani alikuwa ameiacha garini, kisha akaanza kueleza polepole. Baba yake alikuwa Mkisii aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli. Mama yake alikuwa Mnandi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akaoa Mluhya.

"Hapo una nafasi ngapi?"

"Moja, Mzee."

"Basi andika unalotaka, mwanangu. Mwaka wa 2008 waliniandika bila kuniuliza."

Mbele ya watu huniita madam. Lile "mwanangu" ndilo lililonifuata hadi nyumbani, likanikosesha usingizi, kwa kuwa hakulitamka kwa ukali hata kidogo. Aliniambia jinsi mtu anavyomwambia bintiye kwamba mvua itanyesha, akashuka zake kwenda kulijaza gari mafuta.

Mliokuwa Nakuru Januari ya mwaka ule, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, hamhitaji kuelezwa. Vizuizi viliwekwa barabarani, watu wakadaiwa vitambulisho, na jina la mwisho likaamua nani apite na nani asipite. Mzee hakusema ni akina nani waliomwandika, wala ni upande gani wa damu yake uliomponza, nami sikuuliza. Ninachokijua ni kwamba Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo takwimu zangu zinahusu kazi yake, iliundwa kutokana na machafuko yale yale. Kwa hiyo swali lililoulizwa kizuizini na lile lililo kwenye safu yangu ni moja, ijapokuwa yule aliuliza ili afukuze na mimi nauliza ili mtu asifungiwe mlango. Tofauti hiyo ni kubwa, na sitaki mtu anishawishi vinginevyo. Tangu siku ile nimemjibu mzee moyoni kwa namna nyingi, nyingine za kisheria, nyingine za upole, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kuisema pale kwenye ngazi bila kuona aibu.

Sheria inayotaka tuchanganyike inaniomba nimhesabu kila mtu kama asiyechanganyika. Mimi mwenyewe nimeandikwa Mluhya kwa sababu baba ni Mmaragoli, na mama yangu Mkikuyu, aliyeuza viazi ili nilipiwe karo ya chuo, hayumo katika hesabu hiyo.

Nilikuwa katika hali hiyo Ijumaa jioni kitinda mimba wetu alipoingia na ngoma kwapani. Shuleni kwao wanafunzi wanatoka nyumba za lugha nyingi mno kiasi kwamba madarasa ya chini walifundishwa kwa Kiswahili tu, lakini kwa siku ya utamaduni mwalimu amechagua isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, koo za Waluhya, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma huwa tatu, na wangu amepewa ile ndogo. Anayeongoza wimbo ni mtoto anayetoka Bahati, aliyefundishwa maneno na jirani wa mtaa wa Kaptembwo, na inasemekana anawashinda wenye lugha yao. Nilipomuuliza mwanangu kama si vyema isukuti iongozwe na Mluhya, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu, akasema kwamba yule ndiye mwenye sauti. Tulipiga ile ngoma hadi jirani wa chini akagonga dari, na kwa mara ya kwanza wiki hii nililala fofofo.

Mzee nimemjaza Mkisii, kwa desturi ya kufuata baba, na nimemwandikia mkurugenzi mpya nikipendekeza fomu ijayo iruhusu jamii mbili, mhusika mwenyewe akichagua ipi ihesabiwe. Bado hajajibu. Wakati huo huo dada amepiga simu kutoka Mwariki kusema kwamba maji ya ziwa yamesogea tena karibu na ploti yake, na mpangaji mmoja tayari ameulizia kurudishiwa amana, fedha ambazo dada alizitia kwenye mabati mwezi uliopita.