Bunge la Kumi, Nilivyolisikia Kutoka Soko la Luanda

Kila inapozuka hoja kuhusu wabunge wetu, huwa kuna mtu anayelitaja Bunge la Kumi la Kenya, lile la 2008 hadi 2013, kwa dharau, kwamba lilikuwa Bunge la mishahara na kelele. Sikatai kwamba kelele zilikuwepo. Lakini mimi Bunge hilo nililisikiliza kwa muda mrefu katika kibanda cha mjomba wangu, fundi cherehani katika soko la Luanda, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, na nilichokisikia hakilingani kabisa na dharau hiyo.

Luanda wakati huo ilikuwa ndani ya eneo bunge la Emuhaya, na mbunge wetu, wakili Kenneth Marende, alikuwa amechaguliwa kwa mara ya pili katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Hakukaa na kiti hicho hata mwezi mmoja. Tarehe 15 Januari 2008, nchi ikiwa inaungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Bunge lilikutana kwa mara ya kwanza kumchagua Spika, na Marende wa chama cha ODM akamshinda Francis ole Kaparo, aliyekuwa Spika tangu 1993, kwa kura 105 dhidi ya 101 katika duru ya tatu. Habari zilipotufikia usiku, majirani walitoka nje wakashangilia, kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: sasa mbunge wetu ni nani? Kwa sheria ya wakati ule Spika hakuweza kuendelea kuwakilisha eneo bunge, kwa hiyo Emuhaya ilikaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 11 Juni 2008, ambao mshindi wake alikuwa Wilber Ottichilo.

Chaguzi ndogo zilikuwa nyingi mno katika muhula huo, na nyingine zilitokana na damu. Mugabe Were wa Embakasi na David Kimutai Too wa Ainamoi waliuawa kwa risasi Januari 2008, siku mbili tu zikiwatenganisha, kabla hawajalizoea Bunge lenyewe. Tarehe 10 Juni, siku moja kabla ya Emuhaya na Ainamoi kupiga kura, ndege iliyowabeba Kipkalya Kones wa Bomet na Lorna Laboso wa Sotik ilianguka katika eneo la Narok wakielekea Kericho kwa ajili ya uchaguzi huo wa Ainamoi. Miaka minne baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 10 Juni, helikopta iliwaua George Saitoti na Orwa Ojode wa Ndhiwa. Shinyalu, karibu nasi huku Kakamega, nayo ilirudi kwenye debe Agosti 2009 baada ya mbunge wake kufariki.

Hesabu ya ukumbini ilikuwa wabunge 210 wa kuchaguliwa na 12 maalum, pamoja na Spika na Mwanasheria Mkuu, jumla 224. Hesabu hiyo ina maana kubwa ukiiweka kando ya baraza la mawaziri lililotangazwa Aprili 2008 baada ya mapatano ya kugawana madaraka kati ya Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga wa ODM, yaliyosimamiwa na Kofi Annan: mawaziri 40, na mawaziri wasaidizi wapatao 50. Zaidi ya thuluthi moja ya Bunge ilikuwa serikalini, na vyama vikubwa vyote viwili vilikuwa serikalini. Upinzani, kwa maana tuliyoizoea, haukuwepo. Mjomba, ambaye hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la saba, alilisema jambo hili vizuri kuliko wachambuzi wote niliowasikia: "Kama baba na mama wote wamekaa mezani wanakula, nani atauliza nyama imekwenda wapi?"

Jibu lilikuja polepole, nami nadhani ndilo jambo la kukumbukwa zaidi kuhusu muhula huo. Kazi ya kuuliza iliwaangukia wabunge wasio na wizara, na kazi ya kuamua ikakiangukia kiti cha Spika. Julai 2008 Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha Amos Kimunya kwa sababu ya uuzaji wa hoteli ya Grand Regency, na siku chache baadaye akajiuzulu. Desemba mwaka huo Bunge lilipitisha Kanuni za Kudumu mpya, yaani taratibu za kuendesha vikao vyake, na vikao vikaanza kutangazwa moja kwa moja. (Tafsiri ya kanuni hizo kwa Kiswahili ilikuja miaka mingi baadaye, jambo ambalo bado linaniuma.) Kuanzia hapo radio ya mjomba, iliyoning'inia kwenye msumari juu ya rundo la sare za shule, haikubadilishwa stesheni Jumanne mchana, Jumatano wala Alhamisi.

Alasiri ninayoikumbuka kuliko zote ni ya tarehe 28 Aprili 2009. Rais Kibaki alikuwa amemteua Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, na Waziri Mkuu Raila Odinga akaandika barua yake akidai nafasi hiyo hiyo. Ilitarajiwa Spika aegemee upande mmoja na kuuvunja muungano. Marende alisoma uamuzi mrefu, kwa sauti ile yake isiyopanda wala kushuka, na mjomba akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, sindano ikabaki imezama katikati ya kola ya shati la mteja. Uamuzi ulikuwa kwamba Serikali ni moja na iliwasilishe jina moja. Hadi itakapofanya hivyo, Spika mwenyewe ataongoza Kamati ya Shughuli za Bunge. Mjomba alicheka peke yake kwa muda, kisha akasema, "Ameketi juu ya kiti wanachogombania." Mteja alikuja akakuta shati lake lina kola nusu.

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Tarehe 12 Februari 2009 mswada wa kuunda mahakama maalum ya kuwahukumu wahusika wa ghasia za baada ya uchaguzi ulipata kura 101 dhidi ya 93, nao ulihitaji thuluthi mbili, kwa hiyo ukaanguka. Baadhi ya wabunge walipiga kelele za kutaka kesi ziende The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na zilipokwenda kweli, Desemba 2010, Bunge lilo hilo likapitisha hoja ya kuitoa Kenya katika Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo. Hilo sina namna ya kulitetea.

Kuhusu rasimu ya Katiba mpya, kilichotendeka ni kutotenda. Tarehe 1 Aprili 2010 wabunge walikuwa wameleta marekebisho zaidi ya 150, hakuna hata moja lililopata kura 145 zilizohitajika, na rasimu ikapita kama ilivyokuwa hadi kwenye kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti.

Miswada ya wabunge binafsi ndiyo iliyofika sokoni kwetu. Fred Kapondi wa Mlima Elgon aliwasilisha ule wa kupiga marufuku ukeketaji, uliokuwa sheria 2011. Millie Odhiambo, mbunge maalum, alileta wa kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Na John Mututho wa Naivasha alileta sheria ya vileo ya 2010, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake tu: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Baa iliyotukabili ikawa kimya mchana, na baadhi ya wateja wake, kwa kukosa pa kwenda, wakahamia kwenye benchi la mjomba kusikiliza Bunge. Walikuwa wasikilizaji wakali sana, hasa siku ambayo Mututho mwenyewe alisimama kuzungumza.

Oktoba 2012 wabunge walijipitishia marupurupu ya kuagana ya shilingi milioni 9.3 kila mmoja, Kibaki akakataa kutia sahihi. Wakajaribu tena Januari 2013, akakataa tena. Hapo ndipo dharau niliyoitaja mwanzoni ilipopata jina lake.

Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, Luanda ilikuwa imekuwa eneo bunge peke yake, na Marende aligombea useneta wa Vihiga akashindwa na George Khaniri. Mwezi huo huo akawania uspika wa Bunge la Taifa, akashindwa na Justin Muturi. Mjomba alisikiliza hesabu ya kura hizo hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimeona mkasi wake.